Mtoto aliyelia bila sauti, na pesa zake zilikokwenda

Mwezi huu ukurasa wa familia tunaupa sinema. Msicheke. Tulikuwa tumepanga kuandika juu ya sabuni na maji, lakini yaliyotokea hapa Mbugangari Jumamosi moja yametulazimisha kubadili.

Ilikuwa hivi. Vijana walikuwa wameazima projekta, wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano. Watoto walishakaa kwenye mikeka na juu ya vidumu tangu saa kumi na moja. Filamu iliyopangwa ilikuwa ya mapigano, ya agasobanuye, yaani ile ambayo mtu wetu anaingiza sauti yake juu ya Wazungu na Wachina, nao wanaongea Kinyarwanda kama majirani. Saa moja usiku spika ikakata. Fundi akaifungua, akainusa, akatikisa kichwa: imeungua. Agasobanuye bila sauti ni ugali bila mboga. Watoto wakaanza kelele, wakubwa wakaanza kukunja mikeka. Ndipo kijana mmoja akasema, "Ngojeni kwanza. Niko na moja ya zamani kwa komputa, ile haina sauti tangu ilipozaliwa."

Hivyo ndivyo tulivyoiona The Kid, filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1921. Wazee waliosoma kwa Wabelgiji walimtambua mara moja: "Kumbe ni Charlot!" Mmoja wao akakumbuka na Matamata na Pilipili, wale wachekeshaji wa Kasai ambao padri mmoja Mbelgiji aliwapiga sinema miaka ya 1950. Vijana hawakujua wazee wanacheka nini. Lakini baada ya dakika tano walikuwa wanacheka pamoja nao.

Kwa wale ambao hawakuwepo, hadithi ni fupi. Mama asiye na mume anamwacha mtoto wake mchanga ndani ya gari la matajiri, akitumaini watamlea. Wezi wanaiba gari, wanakuta mtoto, wanamtupa kwenye uchochoro. Mzururaji mmoja mwenye viatu vikubwa na suruali ya kuazima anamwokota. Anajaribu kumkwepa, anashindwa, anamlea. Miaka mitano baadaye wawili hao wana kazi yao: mtoto anapita mtaani akivunja madirisha kwa mawe, na baada ya dakika chache baba yake wa kuokota anatokea na vioo mgongoni, fundi wa madirisha! Hapo watoto wetu walipiga makofi. Sisi wakubwa tulitazamana. Ukitafuta riziki kwa miaka mingi ugenini, huwezi kuhukumu haraka.

Halafu inakuja ile sehemu. Mtoto ameugua, daktari amegundua kwamba huyu si baba yake wa kuzaa, na wakuu wa nyumba ya yatima wanafika na lori. Wanamnyakua mtoto, wanamtupa nyuma ya lori kama gunia. Mtoto anasimama, ananyosha mikono miwili, analia. Mdomo umefunguka wote, machozi yanatiririka, na hakuna sauti hata kidogo. Uwanja mzima ulinyamaza. Tukasikia tu projekta ikinguruma na pikipiki huko chini kuelekea mpakani. Mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akasema kwa sauti ya chini, "Banamupeleka wapi ule mutoto?"

Mama huyo wengi mnamfahamu, ingawa jina lake hatuliandiki. Mwezi wa Januari 2025, siku zile watu walipovuka kutoka Goma, alipotezana na kijana wake wa miaka sita kwenye msongamano, akampata siku ya pili. Hakuna aliyemjibu. Kwenye shuka, mzururaji alikuwa anakimbia juu ya mapaa ya nyumba, anaruka paa hadi paa, mpaka akalirukia lori na kumkumbatia mtoto wake. Alipomfikia, uwanja ulipiga kelele kama goli limeingia.

Filamu ilipokwisha, maswali yakaja. Huyo mtoto ni nani? Analia kweli au anaigiza? Yuko wapi sasa? Na swali la baba mmoja muuza nguo za mtumba, ambalo ndilo limetuletea makala hii: "Alilipwa bei gani?"

Tukaahidi kutafuta. Haya ndiyo tuliyopata.

Mtoto yule aliitwa Jackie Coogan. Alizaliwa Los Angeles, Marekani, tarehe 26 Oktoba 1914. Baba yake alikuwa mcheza dansi wa majukwaani, na kila alipomaliza onyesho alimtoa mwanae mdogo mbele ya watu, kitoto cha miaka minne, naye anatikisa mabega anachekesha watu. Chaplin alimwona kwenye jukwaa la Orpheum mwaka 1919. Wakati huo Chaplin mwenyewe alikuwa na msiba: mtoto wake wa kwanza alizaliwa tarehe 7 Julai mwaka ule, akafa baada ya siku tatu. Muda mfupi baadaye alianza kutengeneza filamu ya mtu anayeokota mtoto.

Kuna na jambo lingine. Chaplin alikulia kwenye umaskini wa London. Mama yake aliugua akili, baba hakuwepo nyumbani, na akiwa na miaka saba alipelekwa kwenye nyumba ya serikali ya maskini, kisha kwenye shule ya watoto wa maskini, mbali na mama. Kwa hiyo lori lile la yatima hakulitunga kichwani tu. Alijua mtoto anavyojisikia akibebwa na watu wenye karatasi mkononi.

Na kilio? Hapa wazazi sikilizeni vizuri, maana Chaplin mwenyewe alisimulia baadaye kwenye kitabu cha maisha yake. Siku ya kupiga sehemu ile, Jackie alikuwa na furaha, hakuweza kulia. Baba yake akasema, niachieni mimi. Akamwambia mtoto: usipolia, tutakupeleka kweli kwenye nyumba ya maskini. Mtoto akalia mpaka akatetemeka. Chaplin aliogopa, akamchukua kumbembeleza, akamwambia hakuna atakayempeleka popote. Mtoto akamnong'oneza kwamba alijua, baba alikuwa anamtania tu.

Tulipowasomea watu habari hii, walicheka. Sisi wenyewe hatukucheka sana. Inawezekana kweli alijua. Lakini mtoto wa miaka mitano naye anaweza kusema alijua ili mkubwa asihuzunike. Hapa kwetu tumewaona watoto wa namna hiyo: unamuuliza umekula, anasema ndiyo mama nimeshiba, na tumbo linaunguruma.

Filamu yenyewe nusura ipotee. Chaplin alikuwa anaachana na mke wake, na mawakili wa mke walitaka kuishika filamu kama mali ya ndoa. Basi Chaplin na wenzake walifungasha mikanda yote ndani ya makopo ya kahawa, wakatoroka nayo kwa treni hadi Salt Lake City, mji wa jimbo lingine, wakaikata na kuiunganisha ndani ya chumba cha hoteli. Mikanda ya wakati ule ilikuwa inashika moto kama petroli, hebu fikirini wageni wa chumba cha pili! Wale wa hapa waliokimbia lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na tena Mei 2021, na vyeti vya shule vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kifuani, wataelewa habari ya makopo ya kahawa bila kuelezwa.

Ilionyeshwa mara ya kwanza New York, tarehe 21 Januari 1921. Jackie alikuwa na miaka sita. Dunia ilimpenda yule mtoto wa kofia iliyokaa upande na suruali yenye viraka, yenye kamba moja ya bega. Na angalieni faida ya sinema bubu: mtoto akilia Los Angeles, wa Paris anaelewa, wa Shanghai anaelewa. Maneno machache yaliandikwa kwenye vibao katikati ya picha, na vibao hivyo ungeweza kuvibadili kwa lugha yoyote. Japani walikuwa na watu wa kusimama kando ya shuka na kueleza hadithi kwa sauti, kazi yenye heshima kubwa na mashabiki wake. Kwa hiyo agasobanuye yetu si jambo geni chini ya jua.

Baada ya hapo zikafuata filamu nyingine haraka haraka. Peck's Bad Boy mwaka ule ule wa 1921, Oliver Twist mwaka 1922, Circus Days na Long Live the King mwaka 1923, A Boy of Flanders mwaka 1924, The Rag Man mwaka 1925. Karibu kila mara aliigiza yatima au mtoto maskini, naye wakati huo alikuwa mmoja wa watoto wenye kipato kikubwa kuliko wote duniani. Sura yake iliuzwa kwenye midoli, madaftari, filimbi, hata siagi ya karanga. Nywele zake ndefu zilikuwa mali ya kampuni: zilipokatwa, mwaka 1927, walitengeneza filamu nzima kuhusu kukatwa kwake.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo lilitushangaza, maana hatukutegemea kujikuta sisi wenyewe ndani ya habari hii.

Mwaka 1924, Jackie akiwa karibu kutimiza miaka kumi, shirika moja la misaada lililoitwa Near East Relief lilimwomba awasaidie kukusanya chakula na nguo kwa ajili ya wakimbizi. Ndiyo, wakimbizi. Walikuwa Waarmenia na Wagiriki waliofukuzwa na kukimbia Uturuki katika vita na mauaji ya miaka ile. Ugiriki, nchi ndogo yenye shida zake, ilikuwa imepokea zaidi ya watu milioni moja, na yatima walilala kwenye majengo ya umma na kwenye mahema. Jackie alizunguka Marekani kwa treni, mji hadi mji, akiwaomba watoto wenzake walete maziwa ya kopo, nguo, chochote. Ilikusanywa misaada yenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja. Kisha akasafiri na wazazi wake kwa meli mpaka Ulaya, akapokelewa na Papa Pius wa 11 huko Roma, akafika Athens kuwaona yatima wenyewe.

Tumewaza sana juu ya siku ile ya Athens. Upande huu mtoto tajiri aliyevaa vizuri, ambaye kazi yake ni kuigiza yatima. Upande ule yatima wa kweli, waliopangwa mstari kumpokea, pengine wameambiwa tabasamuni. Hata sisi tumepangwa mistari namna hiyo, mgeni anapokuja na magari meupe. Wakubwa wanajua kutabasamu kwa nusu. Watoto wanajitoa wote, wanaimba mpaka koo linakauka. Hatusemi kwamba ilikuwa vibaya. Maziwa yalifika, na maziwa ni maziwa. Tunasema tu kwamba kila gunia linaloshuka kwenye lori, mahali fulani kuna sura ya mtoto iliyolifungua.

Turudi kwenye swali la baba muuza mtumba. Alilipwa bei gani?

Inakadiriwa kwamba katika miaka yake ya utoto Jackie aliingiza kati ya dola milioni tatu na nne. Pesa za miaka ya 1920, jamani, wakati dola ilikuwa dola. Yeye mwenyewe mkononi alikuwa anapewa dola 6 na senti 25 kwa wiki. Alikuwa anaamini, na kila mtu alikuwa anaamini, kwamba zilizobaki zinatunzwa na baba yake mpaka atimize miaka 21.

Filamu zenye sauti zilianza kushika soko mwaka 1927. Jackie alikuwa na miaka 13, sauti inavunjika, miguu imekuwa mirefu. Watu walikuwa wanamtaka yule wa kofia, si kijana huyu. Alijaribu Tom Sawyer mwaka 1930, ikapendwa, lakini ule wakati wake ulikuwa umepita. Kisha tarehe 4 Mei 1935, wakirudi kutoka kuwinda njiwa upande wa Mexico, gari lao lilitumbukia bondeni. Walikuwa watano. Baba yake akafa, rafiki yake kijana mwigizaji akafa, na wengine wawili. Jackie peke yake alipona.

Oktoba mwaka ule alitimiza miaka 21. Akasubiri kuitwa apewe pesa zake. Hakuitwa. Mama yake aliolewa na yule mtu aliyekuwa anasimamia hesabu za familia. Jackie alipouliza, jibu likawa kwamba hana chake. Mwaka 1938 akawashtaki mahakamani mama yake mzazi na baba wa kambo. Mama alijitetea kwamba hakuna ahadi yoyote iliyowahi kutolewa ya kumpa kitu, na kusema kweli sheria ya California ya wakati ule ilikuwa upande wake: mapato ya mtoto ni mali ya wazazi. Zilikuwa zimekwenda kwenye majumba, magari, vito. Kesi ilipoisha mwaka 1939 zilikuwa zimebaki kama dola 250,000 tu, naye akapata 126,000. Inasimuliwa kwamba katika siku zake za dhiki alimwendea Chaplin kuomba msaada, na Chaplin akampa dola 1,000 papo hapo bila maneno.

Tuliposoma habari hii mbele ya watu, Jumamosi iliyofuata, tulidhani wote watamlaani mama yule. Hapana. Ilizuka vita, vita ya maneno lakini vita.

Mzee mmoja fundi cherehani alisimama akasema, "Muzazi ndiye alimuzaa, ndiye alimulisha. Feza ya mutoto ni ya nyumba. Sasa mutoto atapeleka mama yake kwa tribinali? Ile ni laana!" Wazee wengi wakatikisa kichwa kukubali. Kijana mmoja anayebeba mizigo mpakani akajibu kwa heshima lakini bila woga, "Baba, ya nyumba sawa. Lakini ile haikuenda kwa nyumba. Ilienda kwa magari." Mama mwingine akasema yeye watoto wake wawili wanauza mandazi baada ya shule, na pesa inanunua chumvi na makaa; je, na yeye ni mwizi? Hakuna aliyemwita mwizi. Lakini binti yake wa miaka 12, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema: "Mimi sikatai ya chumvi. Nataka tu kujua ni ngapi."

Tuliandika maneno hayo kwenye daftari jinsi alivyoyasema.

Mahakama za California nazo, kwa njia yao, zilifikia karibu na hapo. Kesi ya Jackie ilisababisha sheria ya mwaka 1939, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Jaji aliweza kuamuru sehemu ya mapato ya mtoto iwekwe akiba mpaka akue. Ilikuwa na matundu mengi, na watoto wengi wa sinema walipitia matundu hayo wakatoka mikono mitupu. Tangu Januari 2000 imekazwa: mapato ya mtoto ni ya mtoto mwenyewe, na asilimia 15 lazima iwekwe kwenye akaunti ya dhamana ambayo mzazi hawezi kuigusa. Hiyo ni huko. Hapa Rwanda sheria ya kazi ya mwaka 2018 inaweka umri wa kuajiriwa kuanzia miaka 16. Mandazi baada ya shule ni jambo la nyumba na nyumba, hatuingii. Lakini mtu akija kumchukua mwanao wa miaka kumi kwa kazi ya siku nzima, mkumbushe umri huo.

Na sinema? Mtasema, sinema gani itatufuata sisi huku. Hebu tuwakumbushe. Mwaka 2011 timu kutoka Kanada ilipiga filamu Kongo, inaitwa Rebelle, ya mwongozaji Kim Nguyen, juu ya msichana anayetekwa na waasi. Aliyeigiza msichana huyo ni Rachel Mwanza, mzaliwa wa Mbuji-Mayi, aliyekuwa mtoto wa mitaani Kinshasa baada ya kusingiziwa uchawi na kufukuzwa nyumbani. Februari 2012, Berlin, Ujerumani, alipewa tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike, na mwaka uliofuata filamu ilishindania Oscar. Baadaye alihamia Montreal, akatoa na kitabu cha maisha yake mwaka 2014. (Filamu hiyo si ya watoto, wazazi. Msiwashe mbele ya wadogo.) Na kwa jirani zetu Uganda, Madina Nalwanga, binti wa mitaa ya maskini ya Kampala aliyewahi kuuza mahindi, aliongoza filamu ya Queen of Katwe mwaka 2016, pamoja na Lupita Nyong'o.

Kwa hiyo kamera inafika. Na mara nyingi zaidi inafika bila kuitwa sinema. Miaka kadhaa iliyopita wageni fulani walipita hapa, wakampiga picha msichana mmoja wa jirani zetu akiwa ameshika sahani tupu. Ukweli ni kwamba ile sahani alikuwa anaiosha. Baba yake alitia sahihi karatasi ya lugha asiyoisoma, akapewa sabuni miche miwili na fulana. Baadaye ndugu yao aliye ng'ambo akaiona sura ile kwenye tangazo, na jina lingine, na hadithi nyingine, eti hana wazazi. Baba alikaa na jambo hilo siku nyingi bila kulisema nyumbani. Watoto shuleni ndio waliolisema. Wakaanza kumwita msichana "yatima". Yule jirani alikuwepo usiku wa filamu, na lori lilipoonekana kwenye shuka aliinuka akatoka. Tulidhani amekwenda haja.

Alituruhusu kuandika haya bila jina, na akatuomba tuongeze jambo moja: mkiletewa karatasi, waambieni waisome kwa sauti, kwa lugha yenu, mbele ya mtoto mwenyewe. Wakikataa, nao wakatae picha.

Jackie, mtauliza, aliishiaje? Hakuishia vibaya kama tulivyoogopa. Mwaka 1941 aliingia jeshi, akawa rubani wa zile ndege zisizo na injini zinazovutwa na ndege nyingine kisha zinaachiwa kushuka kimya kimya. Machi 1944, usiku, alishuka Burma nyuma ya mistari ya Wajapani akiwa amebeba askari wa Uingereza. Vita hiyo ya Burma babu zetu waliijua: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko mwaka ule ule, na hata Kongo ya Wabelgiji ilipeleka hospitali yake ya vita. Kwa hiyo yawezekana mganga mmoja wa Kongo alipita barabara moja na yule mtoto wa kofia bila kumjua. Baadaye, kuanzia 1964 hadi 1966, alirudi kwenye televisheni akiwa mnene, kipara kitupu, akiigiza mjomba wa vituko katika The Addams Family, na watoto wa wakati huo wakampenda bila kujua kwamba babu zao walimlilia.

Filamu yake ya Oliver Twist ilidhaniwa imepotea kabisa. Miaka ya 1970 nakala moja ikaonekana Yugoslavia, bila vibao vya maneno. Wakamwita Jackie mwenyewe, sasa mtu mzima, akasaidia kukumbuka maneno yaliyokuwa yameandikwa. Alikufa tarehe 1 Machi 1984.

Lakini kabla ya hapo kuna siku moja ya Aprili 1972. Chaplin, mzee wa miaka 82, nywele nyeupe, alirudi Marekani kupokea heshima ya Oscar baada ya miaka ishirini ya kuishi nje, maana serikali ya huko ilikuwa imemfungia mlango mwaka 1952. Los Angeles, kati ya watu waliokuja kumpokea uwanja wa ndege alikuwepo Jackie, na upara wake na tumbo lake. Yule mzee, ambaye hakuwa anawatambua watu wengi, alimkumbatia.

Tulipofika hapo, yule mama wa Januari aliuliza kama picha ya siku hiyo ipo. Ipo. Kijana wa komputa ameahidi kuileta Jumamosi, pamoja na The Kid yenyewe kwa wale walioikosa. Saa moja jioni, ukuta ule ule. Mje na mikeka. Spika bado haijatengenezwa.